Nataka magurudumu ya kasi yasiyovunja mfuko wala spoki

Ndugu Mshauri,

Pokea salamu zangu. Mimi ni mshiriki wa kawaida wa triathloni, mwenye uzito wa kilo 92, na mashindano ninayoyapenda ni yale ya masafa ya kati, yaani kuogelea kilomita 1.9, kuendesha baiskeli kilomita 90 na kumalizia kwa mbio za miguu za kilomita 21.1. Katika sehemu ya baiskeli mwendo wangu wa wastani ni kilomita 32 kwa saa, na njia ninazoshindania kwa kawaida ni tambarare zenye vilima vichache na upepo wa kutosha.

Baiskeli yangu ina umri kidogo. Fremu ni ya aluminiamu, breki zake ni zile za kubana rimu, na usukani nimeuongezea vyuma vya kulalia viwiko. Magurudumu ni yaleyale iliyokuja nayo: rimu fupi za aluminiamu, spoki 20 mbele na 24 nyuma. La mbele halina neno. La nyuma ndilo linalonitesa, kwa sababu spoki za upande wa kushoto, ule usio na gia, hukatika moja baada ya nyingine. Fundi hubadilisha iliyokatika na kulinyoosha gurudumu, lakini haupiti muda mrefu kabla ya nyingine kukatika.

Nimejiwekea akiba, na ningependa sasa ninunue magurudumu ya aero, yaani yale yenye umbo la kukata hewa kirahisi. Wenzangu wa mazoezi wamenigawanya. Mmoja ananishauri ninunue jozi mpya ya kaboni tupu yenye rimu za kina cha milimita 50, inayouzwa kwa bei nafuu na kampuni ambayo hakuna kati yetu anayeijua. Mwingine anauza jozi yake ya kaboni ya milimita 80 iliyotumika, kutoka kampuni yenye jina kubwa, na bei yake inakaribia kulingana na ile mpya. Wa tatu anasema kwa mwendo wangu huu aero ni mapambo tu, na kwamba magurudumu ya aina hiyo ni ya watu wanaokwenda kilomita 40 kwa saa.

Sina uwezo wa kununua mara mbili. Ninahitaji kitu kitakachonipa kasi, kitakachobeba uzito wangu kwa misimu kadhaa, na ambacho fundi yeyote mwenye akili timamu anaweza kukitengeneza. Je, nichukue ipi kati ya jozi hizi mbili? Na ni kweli kwamba ninajisumbua bure?

Wako,
Mwendeshaji Mzito

*

Ndugu Mwendeshaji,

Ahsante kwa barua yenye maelezo ya kutosha, maana wengi huniuliza habari za magurudumu bila kunitajia uzito wao wala aina ya breki walizonazo, ilhali mambo hayo mawili ndiyo yanayoamua karibu kila kitu. Jibu langu ni kwamba usichukue jozi yoyote kati ya hizo mbili. Mbele nunua gurudumu moja la aero lenye rimu ya aluminiamu iliyovikwa ganda la kaboni. Nyuma jengewa gurudumu la kawaida lenye spoki 32, kisha ulifunike pande zote mbili kwa kifuniko cha gurudumu. Nitaeleza kwa nini, lakini kwanza nimjibu mwenzako wa tatu, kwa sababu hoja yake ikiwa ya kweli basi mazungumzo haya hayana haja.

Nguvu inayohitajika kuishinda hewa huongezeka kwa kipeo cha tatu cha mwendo, hivyo anayekwenda kilomita 40 kwa saa hutumia karibu mara mbili ya wati unazotumia wewe kwa kilomita 32 dhidi ya hewa hiyohiyo. Hapo mwenzako yuko sahihi: magurudumu yakimwokolea yule wati 16, wewe yatakuokolea 8 hivi. Asichokizingatia ni kwamba wewe hukaa barabarani kwa muda mrefu zaidi. Kilomita 90 kwa mwendo wako ni saa 2 na dakika 48, na wati zako 8, kila moja ikifanya kazi kwa muda huo wote, hukupunguzia dakika mbili au tatu, ambazo ni karibu sawa na anazopunguza yule mwenye kasi. Zaidi ya hayo, kadiri unavyokwenda polepole ndivyo upepo wa ubavuni unavyokupiga kwa pembe pana zaidi, na rimu yenye kina huonyesha faida yake hasa katika pembe hizo. Kwa hiyo hujisumbui bure. Ila ukumbuke kwamba takriban robo tatu ya ukinzani wote wa hewa hutokana na mwili wako mwenyewe, na kama bado hujaweza kulala kwenye viwiko kwa saa nzima bila kuinuka, hakuna gurudumu litakalokufidia.

Sasa tuingie kwenye gurudumu la nyuma, kwa sababu hapo ndipo kasi na uimara vinapokutana kwa namna ambayo wenzako hawakuitazama.

Gia zimewekwa upande wa kulia wa habu, kile kitovu cha gurudumu, kwa hiyo spoki za kulia husimama karibu wima na hukazwa sana, ilhali za kushoto hulala na hukazwa kidogo, mara nyingi kwa karibu nusu tu ya mkazo wa wenzao. Kila spoki inapofika chini, pale tairi linapogusa barabara, mkazo wake hupungua kwa sababu ya mzigo. Kwa mtu wa kilo 60 upungufu huo hauna madhara. Kwa kilo 92 zinazobebwa na spoki 24, zile za kushoto hulegea karibu kabisa, kisha hukazika tena gurudumu linapoendelea kuzunguka, na mchezo huo hurudiwa mamia ya mara kwa kila kilomita. Chuma huchoka pale kinapopinda, nayo spoki hukatika kwenye kiwiko chake, milimita chache kutoka tundu la habu. Ukizitazama zile zilizokatika nina hakika utaziona zote zimekatikia hapo. Ndiyo maana kubadilisha moja moja hakusaidii: zilizobaki zimechoka vilevile na zinasubiri zamu.

Dawa yake ni spoki nyingi zaidi, zilizokazwa kwa usawa na fundi anayetumia kipimo cha mkazo badala ya kubahatisha kwa vidole. Gurudumu la spoki 32, rimu ya aluminiamu isiyo nyembamba mno, spoki za kawaida zenye kiwiko ambazo hupatikana kila mahali, na nati za kukazia spoki ziwe za shaba badala ya aluminiamu, ni kitu ambacho uzito wako hautakishangaza. Nati za shaba nazisisitiza kwa sababu ya mchezo wenyewe: wewe hupanda baiskeli ukiwa umelowa maji, mara nyingine ya bahari, kisha ukaimwagia jasho na kinywaji cha chumvichumvi kwa saa tatu. Nati za aluminiamu huliwa na chumvi zikagandamana na spoki, na siku fundi atakapojaribu kulinyoosha gurudumu zitapasuka mkononi mwake.

Utaniuliza spoki 32 zina aero gani. Hazina, na hapo ndipo kifuniko kinapoingia. Kifuniko ni bamba jepesi la plastiki, au la kaboni kwa mwenye fedha zaidi, linalokaa juu ya spoki kila upande na kufungwa kwa skrubu ndogo zinazopita katikati yake. Likishafungwa, hewa haizioni tena spoki, ziwe 24 au 32, na gurudumu lako hufanya kazi kwa kiwango kinachokaribia sana kile cha gurudumu la kaboni lililozibwa kiwandani, ambalo bei yake huzidi mara kadhaa. Faida ya gurudumu lililozibwa imejulikana siku nyingi: Francesco Moser alipoivunja rekodi ya dunia ya saa moja mjini Mexico City mwaka 1984, akipita kilomita 51, alikuwa juu ya magurudumu ya namna hiyo. Kuna watu wanaoona haya kufunga plastiki kwenye baiskeli. Waache na haya zao. Upepo hausomi nembo.

Katika kukifunga kifuniko kuna mambo ya kuangalia kwa makini. Gia lazima zitolewe ili bamba la kulia lipite. Ukishafunga, zungusha gurudumu polepole na utazame nafasi iliyobaki kati ya bamba na fremu, na kati ya bamba na raba za breki, kwa sababu kwenye breki za kubana rimu raba iliyokaa chini kidogo tu itaanza kulikwaruza. Skrubu zipake gundi ya kuzizuia zisilegee na uzikague baada ya safari ya kwanza. Tundu la vali lizibwe kwa karatasi ya kunata ambayo unaweza kuibandua tairi likipasuka.

Kabla ya kununua, soma kanuni za mashindano yako. Katika triathloni ambamo hairuhusiwi kujikinga upepo nyuma ya mwenzako, gurudumu la nyuma lililozibwa kwa kawaida hukubaliwa, na la mbele lililozibwa halikubaliwi. Mashindano ya dunia ya Ironman, triathloni ya masafa marefu, yanayofanyika Kona, Hawaii, ni mfano maarufu wa mahali ambapo hata la nyuma limekatazwa, kwa ajili ya pepo za ubavuni za kule. Siku ambayo waamuzi watakataza, wewe utafungua skrubu ukabaki na gurudumu imara la kawaida, jambo ambalo mwenye gurudumu la kaboni lililozibwa hawezi kulifanya.

Kuhusu gurudumu la mbele, hilo ndilo linalokutana na hewa safi kabla ya kitu kingine chochote, na ndilo lenye kustahili fedha yako ya aero. Hapa ndipo ninapopingana na jozi zote mbili ulizotajiwa, na sababu kubwa ni breki zako. Unapobana breki ukiteremka, nishati yote ya mwendo hugeuka joto kwenye ukuta wa rimu, na joto hilo hulingana na uzito unaozuiwa. Aluminiamu hulisambaza joto haraka na kulitoa nje. Kaboni huling'ang'ania, na gundi inayoshikanisha nyuzi zake ikipata moto kupita kiwango chake hulainika, ukuta ukavimba au ukapasuka. Kampuni zilizobobea hutumia gundi inayostahimili joto kali na hupima kila toleo. Kampuni usiyoijua inaweza kuwa inafanya hivyo au haifanyi, na wewe mwenye kilo 92 hupaswi kuwa ndiye kipimo. Ungekuwa na breki za diski ningezungumza kwa lugha tofauti kabisa, kwa sababu hapo rimu haibanwi na kitu, haichakai na haipati moto, na jozi ya kaboni ya bei nafuu yenye dhamana ya maandishi ingekuwa chaguo la heshima.

Gurudumu ninalolipendekeza lina rimu halisi ya aluminiamu ndani, ndiyo inayobeba tairi, spoki na breki, na juu yake limevikwa ganda jembamba la kaboni la kulipa umbo la aero. Kampuni ya HED ya Marekani ilijijengea jina kwa magurudumu ya namna hii, na wengine wengi walifuata. Ni mazito kuliko kaboni tupu kwa gramu mia mbili au tatu. Hilo lisikukoseshe usingizi: wewe na baiskeli yako pamoja mnazidi kilo 100, hivyo gramu 300 hazifiki hata sehemu moja ya mia tatu ya mzigo wote, na kwenye njia tambarare huwezi kuzihisi. Kwa upande wa breki utapata uhakika uleule uliouzoea, hata kwenye mvua, ambako kaboni ya kubanwa hujulikana kwa kukawia kushika. Raba zilezile unazotumia zitafaa. Ganda likigongwa na kokoto likapata tundu, litakuudhi macho, lakini gurudumu litaendelea kubeba.

Kina cha milimita 60 kinatosha. Upepo wa ubavuni unapopiga gurudumu la mbele hujaribu kuugeuza usukani, na kinachoogofya ni mipigo ya ghafla, kama pale unapoibuka kutoka nyuma ya jengo au lori likakupita, kuliko upepo unaovuma kwa kasi moja. Uzito wako hapa ni rafiki, kwani mtu mzito hasukumwi kirahisi. Kama njia zako ni za pwani au za nyanda zilizo wazi sana, shuka hadi milimita 45 au 50. Utapoteza kidogo mno katika aero na utabaki umelala kwenye viwiko, ilhali anayeinuka kila upepo unapomtikisa hupoteza yote aliyoyanunua. La nyuma lililofunikwa halina tatizo hilo kwa sababu halihusiki na kugeuza usukani.

Zile milimita 80 za rafiki yako, kwa hiyo, zingekuwa nyingi mno mbele. Lakini kwa kuwa magurudumu yaliyotumika yatakujia tena na tena, maana kila msimu unapoisha watu huuza, nikueleze ninavyoyakagua. Weka rula kwenye ukuta wa rimu unaobanwa na breki: ukiona mwanga katikati, ukuta umeliwa na kuingia ndani. Rimu nyingi za aluminiamu huwa na kitundu kidogo au mfereji mwembamba wa kuonyesha uchakavu, na kikishafutika rimu imekwisha. Toa tairi, upitishe ukucha kuzunguka matundu ya spoki kutafuta nyufa, kisha gongagonga kaboni kwa sarafu ukisikiliza: sauti kavu inayobadilika ghafla kuwa butu huashiria nyuzi zilizoachana. Shika rimu na uitikise kulia na kushoto; ikicheza, beringi zimechoka au hazijakazwa. Beringi peke yake si sababu ya kukataa, mradi ziwe za namba za kawaida zinazouzwa kila mahali. Na usiache kuuliza kikomo cha uzito kilichotajwa na kiwanda, kwa sababu baadhi ya magurudumu ya aero hayakuundwa kwa kilo zako.

Kwa hili la mbele pia, kabla hujalipa, muulize muuzaji zilipo nati za spoki. Kwenye baadhi ya miundo zimefichwa ndani ya ganda, na kulinyoosha gurudumu kunataka tairi litolewe na kifaa maalumu kitumike. Si kasoro ya kukufanya uliache, ila fundi wako aambiwe mapema.

Fedha itakayobaki, na itabaki, ipeleke kwenye matairi. Tofauti kati ya jozi ya matairi magumu ya mazoezi na jozi ya matairi mepesi ya mashindano inaweza kufikia wati 10 au zaidi, yaani sawa na faida yote ya aero tuliyoipigia hesabu hapo juu, kwa sehemu ndogo ya gharama. Tumia upana wa milimita 25, au 28 kama breki na fremu zinaruhusu, na mbele hakikisha tairi halifuri kupita upana wa nje wa rimu, la sivyo hewa huachana na umbo la rimu mapema na ganda lako hukosa kazi. Kwa uzito wako tairi la 28 linataka hewa ya psi (kipimo cha shinikizo la hewa) 75 hadi 90 hivi. Ile tabia ya kujaza 120 hukurusharusha tu barabarani na kuzichosha spoki. Matairi haya yatumie siku za mashindano na mazoezi machache ya mwisho. Siku nyingine funga matairi magumu, ondoa kifuniko, na lirudishe mbele gurudumu lako la zamani, ambalo kama ulivyosema halina neno.

Mpangilio wa matumizi uwe hivi: kwanza gurudumu la nyuma, kwa kuwa lile ulilonalo linaweza kukuangusha wakati wowote, kisha matairi, kisha kifuniko, na la mbele liwe la mwisho, hata kama itabidi lisubiri msimu ujao. Siku utakapolipata, nunua pia tyubu zenye vali ndefu au virefusho vya vali vinavyotosha kina cha milimita 60, uzijaribu nyumbani kwa pampu ileile ndogo utakayoibeba, na uweke tyubu hiyohiyo kwenye mkoba wa akiba. Tyubu yenye vali ndefu hufaa magurudumu yote mawili, mradi nyuma uhakikishe kichwa cha pampu kinaweza kupenya kwenye tundu la kifuniko.